Mama Ndani ya Koti la Baba

Tulikuwa wasichana kumi na wawili na kamera moja, na hata hiyo kamera haikuwa yetu. Ilikuwa ya Madam, mwalimu wetu wa uraia, ambaye serikali ilimtoa Tanga ikamleta Dongobesh, naye akaanza kulalamikia baridi siku ile ile aliyoshuka kwenye Noah. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, hata mwezi wa kumi wakati sisi tunaona kuna joto. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Naye alitucheka sisi kwa namna tulivyoamkia, maana huku kwetu ukikutana na mkubwa unasimama kabisa, unaweka mzigo chini, ndipo unasema shikamoo. "Nyie watoto," alisema, "mkienda Tanga na shikamoo zenu hizo mtafika mwakani."

Nampenda yule mwanamke mpaka leo, ingawa nusura anivunjie nyumba. Hapana, niseme ukweli. Nusura niivunje mwenyewe. Yeye alishika tu nyundo niliyompa.

Alianzisha klabu ya picha tulipokuwa kidato cha tatu. Wazo lake lilikuwa kwamba Siku ya Wanawake ikifika mwezi wa tatu, uwanja mzima wa paredi ufungwe kamba za kuanikia nguo, kamba juu ya kamba, na kwenye kamba tuning'inize kanga na vitenge, na katikati ya nguo tubane picha kubwa za wanawake wa kwetu. Mgeni akija hataangalia ukutani. Atapita ndani ya nguo, atazisogeza kwa mkono, na kila akisogeza atakutana na mwanamke uso kwa uso. Alitueleza hivyo darasani. Halafu mmoja wetu wa nyuma akauliza, "Madam, na mvua ikinyesha?" Tukacheka mpaka kipindi kikaisha.

"Leteni wanawake wanaobeba nyumba," alisema. "Sitaki warembo wa kalenda."

Basi likizo ya Desemba tulitoka bwenini tukatawanyika. Wenye kaka wenye simu nzuri walitumia simu. Mwenzetu wa Basotu alileta picha ya mama mmoja aliyesimama ziwani, maji magotini, amebeba perege kwenye beseni na mtoto mgongoni. Wa Yaeda Chini alimpiga picha muuguzi wa zahanati akisukuma pikipiki kwenye tope, gauni jeupe limekuwa la rangi ya mto. Sisi wa vijiji vya karibu tulipokezana kamera ya Madam, kila mmoja siku tatu. Niliipokea siku ya Jumanne nikaivaa shingoni, na sikuivua hata wakati wa kukamua ng'ombe. Nilikuwa na miaka kumi na saba, bwana. Nani angenivua?

Sasa lazima nieleze habari za nyumbani, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Dongobesh, unapanda tu, mpaka juu kwenye mgongo wa kilima ambapo siku ikiwa safi unauona mlima Hanang kule ng'ambo. Tulikuwa na ekari nne, mahindi na maharage, kitunguu saumu kidogo bondeni, na maksai wawili, mmoja mweusi na mmoja wa madoa. Baba yangu, ambaye sasa hayupo tena, alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa mtu wa plau. Simaanishi alikuwa na plau, kila mtu alikuwa nayo. Namaanisha mtu akifungua shamba jipya alikuja kwetu asubuhi kumwomba baba avute mstari wa kwanza, kwa sababu mstari wake ulinyooka. Alikuwa akirudi na kuku wa zawadi chini ya kwapa, anajifanya hajali.

Halafu alianguka. Walikuwa wanaezeka kanisa, bati likateleza, naye akafuata bati. Alikaa hospitali, akarudi, akasema amepona. Watu walimwona anatembea na fimbo, wakasema, haya, mzee na fimbo ni kawaida. Lakini nyonga haikupona. Plau inataka mtu aweke mwili wake wote nyuma ya mishikio, na mwili wa baba ulikuwa umekataa. Alijaribu mara moja nikiwa mbele nimeshika kamba ya ng'ombe. Nilisikia sauti kama ya mtu anayekatwa. Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti kwenye udongo.

Mtu atauliza, mbona hamkuomba msaada? Kuomba ni rahisi kwetu. Unapeleka neno, siku ya pili wanakuja majirani na jozi tano za maksai, mama anapika makande, kufika mchana shamba limekwisha. Ndiyo. Lakini msaada huo ni wa mjane au wa mgonjwa. Ukiitiwa watu mara moja, wewe ni mgonjwa. Ukiitiwa msimu wa pili, umekuwa marehemu anayekula. Hakuna atakayekusema vibaya. Watakuwa wapole tu, watakuhurumia, na kwenye kikao watamwuliza ndugu yako badala ya kukuuliza wewe. Baba asingeweza kuishi na upole huo. Mama alijua.

Na mama kushika plau mchana kweupe, mume yuko hai? Weee! Siku zile huku kwetu hilo lilikuwa tangazo kabisa. Mwanamke analima kwa jembe la mkono tangu alipojua kusimama na hakuna anayeshangaa, lakini mishikio ya plau ni ya mwanaume. Ukimwona mwanamke ameishika, unajua mwenye nyumba amekwisha.

Mama akavaa koti la baba.

Lilikuwa koti kubwa la kijani, la mtumba, alilonunua baba mnadani Dongobesh, na mkono wa kushoto ulikuwa na kiraka cha buluu kilichotoka kwenye sketi yangu ya shule ya msingi. Kila mtu alilijua koti lile. Ungemwona baba upande wa pili wa bonde ungesema, yule pale, kwa ajili ya koti. Mama alikuwa mrefu kama yeye. Alivaa koti, akavaa mabuti ya mpira, akavuta kofia ya baba mpaka kwenye nyusi, na tukatoka alfajiri kwenye ukungu, yeye nyuma ya plau, mimi mbele na kamba. Kufikia saa mbili asubuhi ukungu ukianza kupasuka tulikuwa tumemaliza sehemu ya siku hiyo. Mama anarudi ndani. Dakika chache baadaye baba anatoka, koti mwilini, anasimama kwenye ukingo wa shamba na fimbo yake, anawaangalia maksai wakila. Basi. Kazi imefanyika, mwenye shamba huyu hapa.

Tulifanya hivyo misimu mitatu. Hatukukaa chini hata mara moja tukakubaliana. Hakuna aliyesema, "Hii ni siri." Ilikuwa hivyo tu, jinsi unavyojua usimalize maziwa kabla mgeni hajala.

Na kulikuwa na kichekesho chake. Barabara ilipita juu ya shamba, na jirani yetu wa bondeni, mwanaume wa makamo, alipita kila asubuhi kupeleka maziwa. Anaona koti kwenye ukungu. Anasimama, anaweka dumu chini. "Shikamoo mzee!" Mama anainua mkono juu. Hawezi kuitikia, sauti itamtoa. "Kazi njema mzee!" Mkono tena. Mimi mbele nimeuma kamba kwa meno nisicheke. Ikafika mahali jirani akamlalamikia baba kanisani, kwamba siku hizi haitikii salamu, ana nini? Baba akamjibu, "Nikishika plau sisikii." Tulipofika nyumbani mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye alicheka, lakini kidogo.

Asubuhi ya pili ya kamera, tulikuwa mstari wa tatu, plau ikagonga jiwe na kuruka. Tukasimama. Mama akavua kofia kujipangusa jasho, kitambaa chake cha kichwa cha manjano kikaonekana, na yule maksai wa madoa, mwenye adabu zake, akaachia ushuzi mrefu kama tarumbeta ya kanisani. Mama akacheka. Akacheka kwa kinywa chote, mkono mmoja kwenye mshikio, mwingine na kofia, koti limefunguka, nyuma yake mstari mweusi wa udongo mbichi na jua linaingia kwenye ukungu. Sikufikiri. Nilipiga.

Akasikia kile kidude kinavyolia, akanyamaza.

"Umenipiga?"

"Ndiyo, mama. Umetoka vizuri mno."

Alinitazama. Hakukasirika. Aliirudisha kofia kichwani taratibu. "Hiyo ni yako na yangu," alisema. "Isiende shuleni."

"Haiendi, mama."

"Naomba hilo moja tu."

Jioni ile alivaa gauni lake la Jumapili, akajipaka mafuta, akasimama mlangoni kama askari wa gwaride, mikono ubavuni, hacheki hata kwa dawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya shule. Niliipiga mara nne.

Shule ilipofunguliwa Madam alichukua kadi ya kamera akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, picha zote zikatoka mfululizo. Alizipita za gauni bila kusimama. Alipofika ile nyingine alisimama, akavuta kiti, akakaa. Akawaita walimu wengine. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote, alisema, "Huyu mtoto ana jicho." Madam akanishika bega. "Hii," alisema, "ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote. Itakaa mwisho kabisa, mtu akimaliza kupita kwenye nguo zote akutane na huyu."

Ningesema hapo hapo. Maneno yalikuwa mafupi: Madam, hiyo mama amekataa. Maneno manne, na asingebisha. Lakini nilikuwa nimesifiwa mbele ya walimu watano. Miaka kumi na saba ile sikuwahi kuwa wa kwanza kwa kitu chochote isipokuwa ukaidi. Nikanyamaza. Nikajiambia, nyumbani ni mbali, wazazi wangu hawatakuja. Nikajiambia, nani ataangalia koti? Naikumbuka ile ladha ya kusifiwa hata sasa, tamu, na naiona aibu hata sasa ninapoandika.

Bango lilichapishwa Babati, likaja limeviringishwa juu ya gari kama mkeka. Tulilifungua bwaloni. Lilikuwa kubwa kuliko mlango. Kiraka cha buluu peke yake kilikuwa na ukubwa wa sahani. Ungekaa ng'ambo ya bonde ungekiona.

Nikamfuata Madam ofisini. Nikasimama, nikaamkia, nikasema naomba tuweke ile ya gauni.

"Kwa nini?"

Nikatazama viatu vyangu.

Uso wake ukabadilika. "Unamwonea aibu mama yako kwa kuwa ana udongo?"

"Hapana, Madam!"

"Basi nini?"

Ningejibu nini? Kumweleza kwa nini ni kumtoa baba nje mbele ya mgeni wa Tanga. Kunyamaza ni kumtoa nje mbele ya tarafa nzima. Siri ya mtungi aijuaye kata, wazee wanasema, na kata ilikuwa mimi, nimevujisha maji sasa natafuta kitambaa. Nikasema, "Hakuna kitu, Madam." Akanipa mahubiri mafupi juu ya kujivunia jasho la mama. Yalikuwa mahubiri mazuri. Nilitamani kumtupia kiti.

Na balaa haliji peke yake. Barua za mwaliko zilisomwa makanisani: wanawake wote waliopigwa picha waje, na familia zao. Mama na baba wangekuja. Na jirani wa maziwa, na nusu ya kanisa letu, maana mwaliko wenye soda na wali haupuuzwi.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamka kabla ya wenzangu. Uwanja ulikuwa umeshafungwa kamba, kanga zinapepea, nyekundu na buluu na manjano, na nakiri hata kwa hofu yangu ile nilisimama kuangalia. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama wanawake wote wa Mbulu na Hanang wamefua siku moja. Nikaenda mwisho kabisa lilipokuwa bango, nikachukua vitenge viwili kutoka kamba ya pembeni, nikalifunika juu hadi chini, nikabana na vibanio kumi na sita. Nikarudi nyuma nikatazama. Linaonekana kama sehemu ya nguo tu. Watapita. Nikashukuru Mungu kwa vibanio.

Ujinga wangu! Huku kwetu kitu kikifunikwa kitambaa siku ya sherehe kina maana moja tu. Jiwe la msingi linafunikwa. Picha ya askofu inafunikwa. Mkuu wa shule alipopita kukagua aliona kitu kikubwa kimefunikwa kwa vitenge viwili vizuri, akaona kila kitu kiko sawa, akaandika kwenye ratiba kwa kalamu yake: mgeni rasmi kuzindua. Madam alipouliza nani amefunika, mwenzangu mmoja aliyeniona akasema ni mimi, na Madam akanipungia mkono kwa mbali, ameridhika, kwamba nimeelewa mahubiri yake.

Mgeni rasmi alikuwa afisa kutoka wilayani, mama mnene mwenye miwani ya dhahabu, mpole kabisa. Walimpitisha kwenye nguo. Watu walifuata nyuma wakisogeza kanga, wanacheka, wanaitana: "Njoo umwone mama fulani!" "Ala, huyu si muuguzi wetu?" Niliwaona wazazi wangu. Baba alikuwa ndani ya koti lake. Mama alikuwa na gauni lile lile la Jumapili, na alikuwa ananitafuta kwa macho kwa furaha, akitafuta na picha yake ya kusimama kama askari. Aliitafuta kila kamba. Sitasahau namna alivyosogeza zile kanga, kwa vidole viwili, taratibu, kama anaingia nyumba ya watu.

Tukafika mwisho. Mkuu wa shule akatangaza. Afisa akashika kitenge, vigelegele vikapanda, akavuta. Vibanio vikaruka kimoja kimoja.

Mama yangu akatokea, mkubwa kuliko mlango, anacheka.

Vigelegele viliendelea kidogo kwa wale wa mbali. Kwa watu wa kanisa letu vilikatika. Niliwaona wakitazama juu, halafu wakitazama koti la baba, halafu juu tena. Kiraka kule, kiraka huku. Jirani wa maziwa alikuwa mstari wa mbele. Alivua kofia, akakuna kichwa, akasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, naye wala hakukusudia ubaya, "Sasa... mimi miaka yote hii nimekuwa nikimwamkia nani?"

Watu wakacheka. Ndicho kicheko nilichokiogopa tangu Januari. Mama alivuta kanga usoni akatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, nimeishika.

Baba akatoka kwenye watu. Mara zote alitembea mbele za watu kwa kujikaza, mgongo umenyooka, kana kwamba fimbo ni ya mapambo. Siku ile hakujikaza. Alikwenda anachechemea, hatua na mvuto, hatua na mvuto, na kicheko kikafa chenyewe. Alifika kwenye bango akaligeukia, akalitazama muda mrefu. Halafu akamgeukia jirani.

"Umekuwa ukimwamkia mke wangu," alisema. "Na marahaba ambayo hukuipata, unamdai yeye. Nyonga yangu ilikufa siku niliyoanguka kanisani. Mimi sijashika plau misimu mitatu. Mahindi yangu mliyoyaona ni ya huyu. Shikamoo zako hazikupotea, zimefika kwa anayestahili."

Akarudi mahali pake. Kisha mwanamke mmoja mzee wa kanisani kwetu alipiga kigelegele, kimoja, kirefu, na wengine wakadaka. Afisa alifuta miwani. Alitoa hotuba juu ya uwezeshaji, nzuri, sikumbuki neno hata moja.

Madam alinitafuta baadaye nyuma ya bwalo. Alikuwa ameelewa. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" Alikuwa analia na sweta zake mbili. Alinipa ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka Jumatatu.

Tulipanda kilima watatu. Saa mbili zikawa tatu na nusu, maana baba sasa alitembea kwa mwendo wake wa kweli. Mama hakusema na mimi. Alisema na hewa. "Mwambie binti yako ashike mkoba." "Mwulize binti yako kama ana kiu." Baba alikuwa mjumbe katikati, na alipeleka ujumbe wote kwa uaminifu ingawa nilikuwa hatua mbili nyuma.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima tulipofika. Mama aliwasha moto kabla hata ya kuvua viatu. Nilisimama mlangoni. Hapo ndipo alipogeuka.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Nisamehe, mama."

"Kitu kimoja! Misimu mitatu navunjika mgongo ili mtu yeyote asimwone baba yako amekaa. Misimu mitatu sijaitikia salamu ya mtu! Nimeitwa mwenye kiburi, nimenyamaza. Kwa ajili yake. Na wewe umemsimamisha kwenye uwanja wa shule achekwe kama tumbili."

Nililia tu, kwa sauti, kama mtoto. Ilikuwa kweli yote.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anahangaika kuvua kiatu. "Mwache mtoto," alisema.

"Simwachi."

"Mama, mwache. Amekosa, amevunja neno lako, utamwadhibu. Lakini usimwadhibu kwa ajili yangu." Akaacha kiatu. "Unajua nilikuwa nafanya nini asubuhi zile?"

"Ulikuwa umepumzika."

"Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha." Alisema polepole, anaangalia moto. "Chini, sakafuni, ili mtu akipita asione kichwa. Mimi niko shambani, sasa nitakuwaje ndani? Nikitaka kukohoa nilikoholea kwenye blanketi. Mtoto wa jirani alikuja kuomba kaa la moto, akabisha, akabisha, mimi niko hatua mbili kutoka mlangoni nimeziba pumzi mpaka akaondoka. Siku ile alipofariki rafiki yangu wa kule juu, walipita hapa nje wanaambizana. Niliwasikia. Niliwasikia wakisema, mzee tutampitia akitoka shambani. Nikakaa pale chini mpaka ulipomaliza mistari yako. Ndiyo maana nilikuwa wa mwisho kufika msibani. Ulinishangaa."

Mama alikuwa ameshika mwiko, hauendi popote.

"Misimu mitatu?" alisema.

"Misimu mitatu."

"Mbona hukuniambia? Ungesema siku moja tu. Ningelivua lile koti siku hiyo hiyo."

"Ningeanzaje?" baba alisema. "Kila asubuhi uliingia umelowa, mikono inatetemeka. Ukalivua koti lina joto lako, ukanifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, unatabasamu, ili nitoke nje niwe mwanaume. Mtu kama huyo unamwambia nini?"

Mama aliweka mwiko chini. Mbele ya watu wote wale hakuwa ametoa chozi. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kigoda, akakishika kile kiatu ambacho baba alishindwa kukivua, akakivua, akainamisha kichwa juu ya goti la upande wa ile nyonga mbovu, akalia.